Upepo Unalala Saa Sita

Tangu nirudi sijakunywa chai yangu kwa amani. Kila nikikaa pale kibandani nyuma ya mahakama ya Makadara, mmoja wenu ananiuliza: Mutua, ni kweli magodoro yaliruka? Ni kweli lori lilirudi bila turubai? Ni kweli ulibeba mawe kama mtu aliyerukwa na akili? Huyu nimemsimulia mwanzo, yule nimemsimulia mwisho, na wa katikati amejitungia yake. Nimeona heri niandike yote mara moja, msomeane wenyewe, na mimi ninywe chai.

Makadara hadi Nyahururu

Mnajua kwamba kwa mwaka na miezi kadhaa sikushika usukani. Atakayesoma bila kunijua na ajue sababu. Nilikuwa nikitoka Mombasa na lori lililojaa mapipa matupu. Kwenye tambarare za Athi, mahali ambapo barabara inatoka katikati ya kingo mbili za udongo, upepo ulinipiga ubavuni. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na kuukaza usukani upande wa pili. Lori likalala chini kama ng'ombe aliyechoka. Hakufa mtu. Mimi nilivunjika mtulinga, na kazi ikaisha. Mke wangu Kalondu akatulisha kwa kusuka vyondo, nami nikawa mzee wa kukaa mlangoni na kuhesabu magari ya wenzangu yakipita Jogoo Road.

Kwa hivyo tajiri mpya aliponiita na kunipa funguo za lori la tani saba, sikuuliza mengi. Mzigo ulikuwa wa zahanati ya kanisa kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, ambako walikuwa wanafungua wodi ya kina mama. Vitanda kumi na viwili vya chuma na magodoro kumi na mawili ya sponji. Wapakiaji walikuwa wameshaviunga vitanda na kuvipanga kimoja juu ya kingine, magodoro juu yake, na turubai kubwa juu ya yote, limekazwa kwenye matao ya chuma. Mzigo ulipita paa la kibini cha dereva kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.

Nilizunguka lori mara mbili. Nyinyi ni madereva, mnajua nilichokuwa nikitazama. Mzigo mzito hukuchosha tu. Mwepesi wenye kimo ndio huua.

"Kuna shida?" akauliza tajiri.

"Hakuna," nikasema. Mtu aliyekaa nyumbani mwaka mzima hana ulimi wa kusema kuna shida.

Taniboi sikupewa, kwa sababu kiti chake kilikuwa na mwenyewe. Nilimchukua asubuhi mtaani Huruma, mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mnene kiasi, na koti la sufi ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Huyo ndiye Sista Wanjiru, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa mitaa yetu, na sasa alikuwa amekubali kwenda kusimamia wodi hiyo mpya. Majirani walikuwa wamejaa ngazini. Mmoja alikuwa akilia. Sista akawaambia, "Nyamazeni, naenda kazini, siendi kaburini," akapanda na mkebe mkubwa wa githeri, mahindi na maharagwe, mapajani.

Tulipopita Limuru na kuanza kuteremka bondeni, upepo ulianza kuligusa turubai. Papapapa, juu ya vichwa vyetu. Nikapunguza mwendo. Nikapunguza tena. Basi likatupita, kisha pikipiki, kisha mzee mmoja juu ya gari la punda alitukaribia sana.

"Dereva," akasema Sista, "wewe ni mwangalifu, ama unaogopa?"

"Mwangalifu, Sista."

Alinitazama kidogo, akafungua mkebe. Akanipa githeri, nami nikamwambia kwamba kwetu Ukambani mahindi hukobolewa maganda kwanza, yakawa muthokoi, chakula cha watu wenye adabu. Akaniambia maganda ndiyo yenye nguvu, na kwamba watu wanaoogopa maganda wataogopa na mengine. Mpaka Gilgil tulikuwa tunabishana juu ya mahindi, na kwa muda huo nikasahau turubai.

Nyahururu hadi Maralal

Tulilala Nyahururu. Kesho yake lami iliisha Rumuruti, na pamoja na lami ikaisha haraka. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye udongo mweusi tulikwama toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Nilikata matawi, nikatandika chini ya magurudumu, na Sista alivua viatu akasukuma pamoja na wachungaji wawili waliokuja kutazama. Mmoja wao alipoona vitanda chini ya turubai aliuliza kama tumehama mjini. Sista akamwambia ndiyo, watu wote wa Nairobi wanakuja, wako nyuma yetu. Yule bwana akatazama barabarani kwa wasiwasi wa kweli.

Githeri nayo ilikuwa imeanza kuchacha. Tuliwapa wachungaji, wakainusa na kuturudishia kwa heshima.

Tulifika Maralal tukiwa tumepakwa matope mpaka nywele. Kwenye hoteli ndogo ya mbao, mwenye nyumba alitutazama, akachukua ufunguo mmoja, akasema, "Bwana na Bibi, chumba cha nyuma, kina kitanda kikubwa."

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Sista hakupepesa jicho. "Huyu ni dereva wangu," akasema. "Mpe chumba cha mbele, aangalie gari. Na utuletee nyama."

"Dereva wako?" nikamwuliza tulipokaa mezani.

"Ungetaka niseme bwanangu? Kalondu angenisamehe?"

Nilikuwa nimemtajia Kalondu mara moja tu, kule Naivasha. Mkunga hasahau jina. Tulicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuuliza kama nyama ina kasoro. Haikuwa nayo. Ilikuwa mbuzi wa kuchomwa, laini, na chumvi pembeni kwenye ubao.

Maralal hadi South Horr

Baada ya Maralal barabara ilikuwa ya mawe na korongo. Tulipata pancha mbili kabla ya Baragoi. Wakati wa pancha ya pili nilikuwa nimelala chini ya lori nikizungusha jeki, na upepo ukapita uwandani na kulitikisa lori juu yangu. Halikutikisika sana. Lakini nilitoka chini kwa haraka kiasi kwamba nilijigonga paji la uso, nikasimama kando.

Sista alikuwa amekaa juu ya gurudumu la pili la akiba. Akangoja. Mwishowe nikamwambia yote: Athi, mapipa, mtulinga, mwaka mzima mlangoni. Nikamwambia pia kwamba tajiri alikuwa anajua lakini yeye nilimficha, na kama anataka kuteremka Baragoi na kungoja gari lingine, sitamlaumu.

Alipangusa vumbi kwenye miwani yake.

"Mimi mwaka wangu wa tatu kazini nilipoteza mama mikononi," akasema. "Damu. Nilichelewa kuita daktari kwa sababu nilidhani nitaweza mwenyewe. Siku ya pili niliandika barua ya kuacha kazi. Matroni akaisoma, akaniuliza, 'Sasa unajua wakati wa kuita daktari?' Nikasema najua. Akaniambia, 'Basi rudi wodini. Nikikuacha uende, nitaajiri msichana asiyejua.'" Akavaa miwani. "Sasa Mutua, unajua ulikosea wapi kule Athi?"

"Najua. Nilikanyaga breki. Nikapigana na usukani. Na kabla ya hayo, sikupaswa kupita pale saa ile na mapipa matupu."

"Basi funga hilo gurudumu twende."

South Horr ni bonde la miti kati ya milima miwili, na maji yanapita. Tulilala hapo kwa mama mmoja Mturkana, Mama Akiru, aliyekuwa na duka la bati na kibanda cha chai. Alitupikia chapati na maharagwe. Nilipomwambia tunaelekea ziwani, alitoka nje, akalitazama lori kutoka chini mpaka juu ya turubai, akarudi akitikisa kichwa.

"Hapa kuna milima, hamsikii kitu," akasema. "Huko mbele kuna upepo. Upepo mbaya. Gari ndefu hivi, ungoje. Upepo unalala saa sita."

"Saa sita?"

"Saa sita unalala. Ndio upite."

Nikamshukuru. Nikapiga hesabu yangu ya Nairobi. Kwetu, kitu kikilala, kinalala usiku. Nikaelewa kwamba upepo unatulia saa sita za usiku, kwa hiyo alfajiri utakuwa bado umelala fofofo. Tena dereva yeyote anajua asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri: injini haichemki, na jua haliko machoni. Nikamwambia Sista tutaondoka saa kumi na moja.

Mama Akiru alikuwa ameshaingia ndani. Laiti ningemwuliza neno moja zaidi.

South Horr hadi ziwani

Tulipotoka mwishoni mwa bonde, mbingu ilikuwa inaanza kupauka. Mti wa mwisho ulipita, na baada yake hapakuwa na mti mwingine. Upepo ulikuwepo tayari, ukitoka kulia kwangu, upande wa mlima. Nikajiambia ni mabaki, jua likitoka utaisha. Jua likatoka. Haukuisha, uliongezeka. Mchanga ulipita juu ya barabara kama maji, na turubai likaacha kusema papapapa likaanza kunguruma.

"Huu ndio upepo uliolala?" akauliza Sista.

"Pengine umeamka mapema."

Ningerudi, lakini mahali pa kugeuza lori hapakuwepo. Barabara ilikuwa imeingia kwenye mawe meusi ya volkano, makubwa kama vichwa vya watu, na kushoto ardhi iliteremka moja kwa moja. Chini kule, mbali, nikaona ziwa kwa mara ya kwanza. Rangi yake sikuitarajia, kijani kama chupa. Ningefurahi siku nyingine.

Tulikuwa tunapanda nyuma ya kilima kidogo kilichotukinga. Ghafla kibini kikawa kimya. Kimya hicho nilikifahamu. Kule Athi pia, kati ya zile kingo mbili, kulikuwa kimya hivyo hivyo.

"Sista, shika sana," nikasema. "Tukitoka hapa utatupiga."

Nikateremsha gia mpaka ya kwanza. Nikaelekeza pua upande wa mlima kidogo kabla hatujatoka. Tukatoka.

Ulitupiga kama ukuta. Upande wangu ukainuka. Sisemi magurudumu yaliacha ardhi, kwa sababu sikuyaona, lakini usukani ulikuwa mwepesi mkononi kama kijiko kwenye uji, na Sista aliteleza akabanwa mlangoni kwake, upande wa ziwa. Mguu wangu ulienda kwenye breki wenyewe. Naapa ulienda wenyewe. Nikauvuta. Niliuvuta mguu wangu kama mtu anayemvuta mtoto kutoka barabarani. Niliachia kanyagio la mafuta, sikukanyaga kitu, nikaushika usukani kwa ulaini na kuliacha lori lielekee upepo unakotoka, taratibu, mpaka likapanda mawe upande wa juu, likakohoa, likasimama. Pua yake ilikuwa imeutazama upepo uso kwa uso.

Tulikuwa wima.

Lakini hatukuwa salama bado. Turubai lilikuwa limejaa hewa kama puto, na kila pumzi ya upepo ilikuwa inaliinua lori mbele na kulirudisha. Nikausukuma mlango kwa bega, nikatoka na panga. Nililishika lori kwa mkono mmoja ili nisiangushwe. Kamba zilikuwa zimekaza kiasi cha kulia kama nyuzi za gitaa. Nikainua panga, nikasita.

Sista alikuwa ametoa kichwa dirishani, kitambaa chake cha kichwa kimeshachukuliwa na upepo. "Kata!" akapiga kelele.

"Magodoro yataenda!"

"Mama anaweza kuzaa sakafuni, Mutua! Lakini si bila mkunga! Kata!"

Nikakata. Kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Turubai likatoka kwenye matao na mlio kama wa risasi, likapaa. Halikuanguka, lilipaa, likazunguka mara moja juu ya mteremko na kwenda zake. Kisha godoro la kwanza likainua kichwa, kana kwamba lilikuwa limelala na sasa linataka kujua kuna nini. Likaondoka. La pili likalifuata. Sikuweza kufanya lolote. Nilisimama pale na panga mkononi nikiyatazama magodoro mapya ya wodi ya kina mama yakiteremka kuelekea Ziwa Turkana, yakipiga sarakasi, moja baada ya jingine, mpaka tisa. Matatu ya chini yaliyobanwa na vitanda ndiyo yaliyobaki.

Lakini lori likatulia. Upepo ulipita katikati ya vitanda na matao kama unaopita kwenye uzio wa waya, na hapakuwa tena na kitu cha kuushika.

Tulijificha nyuma ya mwamba mkubwa, Sista na mimi, tukiwa tumejifunika koti lake la sufi. Tulikuwa na chapati mbili za Mama Akiru na maji ya moto ya chupa. Tulikaa saa nyingi. Nilimwomba radhi mara kadhaa, mwishowe akaniambia nikiomba tena atanirudisha Rumuruti kwa miguu.

Halafu jua lilipofika utosini, nilisikia kitu cha ajabu: sauti ya Sista akitafuna. Mchanga uliacha kutembea. Kivuli cha nywele za Sista juu ya mwamba kiliacha kucheza. Nilitazama saa.

"Saa sita," nikasema.

Sista naye akafahamu. "Alikuambia," akasema polepole. "Saa sita mchana, Mutua. Yule mama alikuambia mchana!" Na akaanza kucheka. Alicheka machozi yakichora mistari kwenye vumbi la mashavu yake, nami nikacheka, kwa sababu tulikuwa hai na hapakuwa na dawa nyingine.

Bado tulikuwa tunacheka nilipoona watu. Walikuwa wanapanda kutoka upande wa ziwa, mstari mmoja mrefu juu ya yale mawe meusi, wanawake kwa wanaume. Juu ya kichwa cha kila mmoja kulikuwa na godoro.

Walikuwa wachungaji Waturkana waliopiga kambi chini. Mzee aliyetangulia alijua Kiswahili kidogo. Alisema waliona vitu vinaruka, watoto wakakimbia, yeye akajua ni gari. Magari huwa yanaleta vitu vya ajabu. Yalikuwa manane. La tisa, akasema akionyesha kwa fimbo, lilikwenda kuogelea.

Nikawaeleza nilichotaka kufanya. Tulivishusha vitanda vyote, nikafungua nati moja moja, tukazilaza fremu zake chini kabisa sakafuni. Tukalaza magodoro juu yake, tukayafunga kwa kila kamba niliyokuwa nayo. Matao ya chuma niliyang'oa. Mzigo sasa haukupita ubao wa ubavuni wa bodi. Kazi hiyo ilinichukua dakika chini ya arobaini kwa msaada wao. Dakika arobaini. Ningeweza kuifanya Nairobi, kabla ya kuondoka, kama ningekuwa na ulimi wa kusema kuna shida.

Loiyangalani

Tulifika mchana, hewa imetulia, watoto wakilikimbilia lori. Sista aliingia wodini kabla hajanawa uso. Mimi nililiegesha lori, nikajiona bingwa, nikasahau kuangalia nimeligeuzia wapi. Jioni upepo ulipoanza tena, ukitoka nyuma ya lori, nilifungua mlango nichukue sigara. Mlango ukatolewa mkononi mwangu, ukakunjika kwenda mbele mpaka ukagonga pua ya lori, na bawaba moja ikakatika. Fundi wa pale, mwanamume mpole wa El Molo, wale wavuvi wa ziwa, hakushangaa hata kidogo. "Nyinyi wa Nairobi wote," akasema. "Gari hulala limetazama upepo. Kama ng'ombe."

Kuunga bawaba kulichukua siku tatu, kwa sababu mashine ya kuchomea ilikuwa na mafuta lakini mwenye ufunguo wa chumba alikuwa amekwenda arusini. Siku tatu tulikula samaki. Sista aliapa siku ya kwanza kwamba mtu wa Nyeri hali kitu kinachomtazama. Siku ya tatu nilimkuta akinyonya mifupa ya kichwa.

Nikitembea nje ya mji niliona turubai letu pia. Lilikuwa limefunika kibanda cha familia moja, limefungwa vizuri kwa ngozi na kuzungushiwa mawe chini, na ndani mtoto alikuwa amelala. Nilimwamkia mama yao, akaniitikia. Sikuuliza kitu.

Asubuhi ya kuondoka, Sista alikuja kuniaga mikono yake ikinuka dawa. Alikuwa hajalala. Mtoto wa kike, akasema, mzito, na mama yake mzima. Kisha akasimama mbele ya lori, akaitazama bodi iliyo tupu.

"Mutua, si uliniambia mapipa yale yalikuwa matupu?"

"Ndiyo."

"Na sasa lori lote ni tupu."

Nilikuwa nimeshalifikiria. Tangu alfajiri mimi na yule fundi tulikuwa tunakusanya mawe. Ziwa lile limezungukwa na mawe, hakuna anayeyataka. Tukayapanga sakafuni, safu mbili, mazito meusi, tukayakaza kwa mbao yasiteleze. Sista akachukua moja kwa mikono miwili, akanisaidia kulipandisha.

"Uendeshe saa ngapi?" akaniuliza, kama mwalimu.

"Saa sita mchana, Sista. Mchana."

Kurudi

Kwenye kilima kile cha mawe upepo ulikuwa kama wa feni. Nilipita gia ya pili, nikasimama juu makusudi, nikazima injini, nikatazama ziwa kwa muda niliotaka.

South Horr nilikuta lori limesimama mbele ya kibanda cha Mama Akiru, limejaa mitungi mitupu ya plastiki, turubai juu, refu kuliko langu lilivyokuwa. Dereva alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, miwani ya jua, akinywa chai kwa haraka.

"Ndugu, umetoka wapi?" nikamwuliza.

"Nairobi. Huruma."

"Huruma! Mimi Makadara. Na unakwenda ziwani sasa hivi?"

"Nilale huko leo. Jua likizama kunapoa, natiririka tu." Jina lake lilikuwa Odhiambo. Aliitazama bodi yangu, akaona mawe, akatabasamu. "Mzee, mawe hayako Nairobi?"

Ningeweza kukasirika. Nilikaa chini badala yake, nikaagiza chai, nikamsimulia. Sikuanza na ziwa. Nilianza na Athi, na mtulinga wangu, na Kalondu akisuka. Kosa langu la breki, ambalo sikuwahi kumwambia dereva yeyote kati yenu, nilimwambia yule kijana nisiyemjua. Nilipofika kwenye magodoro alicheka. Nilipofika kwenye mguu na breki aliacha kucheka, akavua miwani.

"Mimi pia ningekanyaga," akasema.

"Sote."

Akamgeukia Mama Akiru. "Mama, upepo unalala saa ngapi?"

"Saa sita," akasema Mama Akiru akimimina chai.

"Ya mchana?" tukauliza pamoja.

Alitutazama kama watu wazima wanaouliza jua linatokea wapi. "Sasa usiku nani anasafiri?"

Odhiambo alilala pale. Asubuhi tulishusha turubai lake, matao na mitungi, tukarudisha malori nyuma kwa nyuma, na tukaanza kuhamisha mawe kutoka kwangu kwenda kwake, mimi nikimpa, yeye akipanga, na mitungi ikifungwa juu. Mama Akiru alikuja kusimama mlangoni. Chai hakuturuhusu tulipie.

"Nitakurudishia wapi?" akauliza Odhiambo jiwe la mwisho lilipopanda.

"Usinirudishie. Ukirudi yashushe hapa kwa mama. Kuna atakayefika mwepesi."

Tajiri ameniuliza habari za turubai, nikamwambia ukweli, na kwamba safari ijayo nitapakia mwenyewe. Akaniambia safari ijayo ni mwezi ujao. Kalondu amesikia, na jana nilimkuta akishona kifungo kwenye koti langu la safari.

Na wiki iliyopita Odhiambo alinitafuta hapa Makadara. Anasema alipofika South Horr wakati wa kurudi alikuta madereva wawili wanangoja, mmoja wa unga, mmoja mtupu, na yule mtupu alimpokea mawe kabla hajazima injini. Kwa hiyo yeyote kati yenu atakayetumwa huko, rundo liko kushoto kwa kibanda cha bati, chini ya ukuta. Chukua unayohitaji. Ukirudi yaache palepale, na uyapange vizuri, watoto wanacheza karibu.